Kaka, Mabomba Yako Yanabisha Hodi

Kaka Salimu,

Leo asubuhi umebisha tena. Mimi nasema ni mabomba, Mama anasema ni wewe. Na kusema kweli, nikiwa peke yangu jikoni na ile sauti ikaja, ko... ko... ko, kutoka darini juu ya chumba chako, na mimi huwa nasema ni wewe. Nasimama na sufuria mkononi, sithubutu hata kupumua. Halafu kimya. Halafu ko.

Salamu za huko uliko sijui zinatumwaje, kwa hiyo naanza na habari.

Mama amefunga chumba chako. Siku ile tuliporudi makaburini, watu wakiwa bado sebuleni wanakusomea, aliingia akatandika kitanda, koti lako akaliacha nyuma ya mlango, akaliziba kwa mguu lile tundu la sakafuni linalopuliza hewa ya moto ya hita, kisha akatia kufuli. Ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yake mpaka leo. Anasema hewa ya mashine itaifukuza harufu yako. Nani angembishia? Unamjua Mama yako. Na mimi pia nilitaka harufu ibaki.

Ila wewe unajua kinachopita juu ya chumba hicho.

Ni lile bomba la sprinkla, zile pua za chuma zinazochungulia kwenye dari ya kila chumba, zimwage maji nyumba ikishika moto. Tulipohamia huku ughaibuni, hapa Gaithersburg, Mama alikuwa akizifunikia uso, ati zinamtazama akivaa! Unakumbuka jirani bomba lake lilipopasuka kwa barafu, sebule ikawa bwawa? Ulirudi na marobota ya ile sufi ya pinki ya kukinga baridi, ukapanda darini. Mimi chini ya ngazi na tochi, wewe juu unajikuna na kukohoa: "Mwanaidi we, tumetoka Tanga na jua lake, leo tunayavalisha mabomba sweta!" Nilicheka mpaka tochi ikaanguka. Ukanifokea, halafu ukanieleza, maana hukuweza kufanya kitu bila kukieleza. Sufi inakaa juu ya bomba, kama unavyomfunika mtoto. Ukiitandika chini yake unalikatia joto la nyumba. "Sufi haina joto lake," ulisema. "Bomba linaishi kwa joto letu sisi tulio chini."

Ndiyo maana kila baridi ikija ulipita unafungua milango ya vyumba vyote. Ulikuwa unakera, kaka, wallahi. Mtu anataka kulala, mlango wazi!

Sasa kuna chumba kimoja hakina joto la mtu. Wiki hii imeshuka ile baridi mbaya, hata gari linagoma kuwaka. Nikipita mbele ya mlango wako, ubaridi unatoka kwa chini unanishika vifundo vya miguu. Nilikuwa naruka. Mtu mzima mimi, naruka. Na ndipo ko, ko zikaanza, bomba likijikaza kwa baridi.

Nilimweleza Njeri, yule nesi Mkenya wa nyumba ya pili. Akaniambia, "Ai, si ufunge tu hiyo maji ya sprinkla mpaka baridi iishe?" Nikaenda kwenye valvu, nikaishika. Hapo nikakusikia kama umesimama nyuma yangu: "Ukiyafunga maji, moto ukija utauzima kwa machozi?" Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Na Mama siku hizi anakaanga vitumbua kila siku, vya wageni ambao hawaji tena, anasahau mafuta jikoni, anakwenda kukaa mbele ya mlango wako. Niliiachia valvu.

Leo baada ya wewe kubisha, nikapanda darini mwenyewe. Sufi zako ziko vilevile ulivyoziweka. Glovu yako moja iko pale, vidole vimejikunja, kama umeivua sasa hivi. Nililia palepale, nimepiga magoti kwenye mbao. Kisha nikaligusa bomba. Juu ya chumba changu halikuwa na neno. Nikatambaa mpaka juu ya chako, likaniuma vidole. Sweta lilikuwepo, kaka. Aliyekosekana ni mtu wa chini. Na bomba lile likipasuka, maji yote yatashukia kitanda chako, mto wako, koti lako, kila kitu anachokilinda Mama.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, mbele ya mlango. Ko. Akatabasamu, maskini. "Umemsikia? Anabisha."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za joto na barafu. Yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Mama, kama anabisha, mbona hatumfungulii?"

Alinitazama mpaka nikatamani nisingesema. Kisha akafungua pindo la kanga.

Harufu yako ilikuwepo, kaka. Ilikuwepo! Ikatupita mlangoni, ikaenda sebuleni, ikaenda jikoni kwenye mafuta ya vitumbua, nasi tumesimama tu tunaiona inakwenda. Mama mwenyewe aliinama akalizibua tundu la hita. Akasema, "Karibu, baba." Halafu akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku tulipokuzika.

Sasa nakuandikia nimekaa kitandani kwako, usigombe. Hewa ya moto inanipuliza miguuni. Mama amelala ubavuni mwangu, amejifunika koti lako. Nimetega sikio tangu adhuhuri na hakuna aliyebisha. Hicho ndicho nilichokitaka, na sikujua kama kingeniuma hivi.

Kwa hiyo nakuaga, kaka yangu. Na nakuahidi: baridi ikija nitapita vyumba vyote nifungue milango, nikere watu kama ulivyokuwa unakera wewe, na nitaanzia chako. Ukija usibishe tena. Pita tu, pako wazi.

Mdogo wako,
Mwanaidi