Benchi la Wenye Chakula Chao

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mdomo umezoea.

Mgahawa wako hapa stendi ya Biharamulo bado upo, lakini nusura niufunge. Tangu tukuzike kule Murusagamba maisha yamebana kwelikweli. Nauli imepanda, na mtu hasafiri tena kwenda kusalimia tu, mpaka awe na mgonjwa au msiba. Akishuka kwenye basi haulizi kuna nini leo. Anafungua ndizi zake za nyumbani, zimefungwa kwenye jani la mgomba, halafu anaomba maji ya moto. Ya bure!

Nilikasirika, Mama. Unazijua hasira zangu. Nikaandika ukutani kwa mkaa: HAPAKALIWI BILA KUNUNUA. Basi hata wale wa chai wakahamia kwa jirani. Nikaanza kufikiria kuuza masufuria yako nirudi kulima.

Siku moja ya mvua nikamwona bibi mmoja amesimama nje, chini ya ukingo wa bati, anakula ndizi na maharage yaliyopoa. Alikuwa na mumewe, anampeleka hospitali. Nikamwambia aingie akae. Akautazama ukuta, akasema taratibu, "Tumesomewa, mwanangu."

Ee Mama! Aibu ile sijui niisemeje.

Nikakumbuka benchi lako la pembeni. Ulikuwa unawapashia watu chakula walichotoka nacho kwao, mimi nikinung'unika kwamba unaua biashara. Ukanijibu, "Mwenye chakula chake naye anatafuta pa kukaa." Nikakucheka. Nisamehe.

Ukuta nimeufuta. Chakula cha bibi nikakipasha, akaagiza chai mbili, yake na ya mzee. Sasa nawapashia wote, na wengi wananunua chai, wengine hawanunui kitu. Sijatajirika, lakini masufuria yako hayauzwi.

Kuna jambo linanichoma. Na mimi nimekuwa wa kupiga simu tu nyumbani. Tangu msiba sijafika kaburini kwako, kila nikitaka kuja nasingizia nauli. Mama, nimekukosa mpaka naongea na sufuria.

Pasaka nakuja, nakuahidi. Nitafunga ndizi zangu kwenye jani, na njiani nitaomba maji ya moto kama wenzangu.

Pumzika, Mama. Chakula nitakuja nacho. Wewe niwekee tu pa kukaa.

Mwanao