Tukikwama, Hatutakuita

Mwalimu Odhiambo,

Nakuandikia Boke akiwa amelala mgongoni mwangu, kwa hivyo usiucheke mwandiko. Tangu tukuzike, prinsipali anataka kuliondoa somo lako la kuandika programu. Anasema mtihani unauliza kompyuta inafanyaje kazi, hauulizi kama programu inamfaa nesi wa kliniki. "Hapa tunafundisha kompyuta, si ufundi wa jua kali." Niliumia, Mwalimu. Ni hilo somo lililonitoa Isebania na mtoto mchanga.

Unakumbuka ulivyotubadilishia kazi, Ouma arekebishe programu yangu? Nikaanza kumweleza, ukanitoa nje na kiti. "Mwenye kuandika ajifanye amekufa. Maiti haielezi, nyathina, mwanangu." Darasa zima likacheka. Nikanyonyesha pale mlangoni, nikimsikia Ouma akiilaani kazi yangu.

Sasa hakuna anayecheka.

Juzi ile programu uliyoitengenezea kliniki, ya kukumbusha chanjo za watoto, ilikosa kutoa majina ya watoto wa kisiwa cha Mfangano. Boti ya kliniki ikaenda bila dawa yao. Prinsipali akasema basi, mwenyewe hayupo, warudi kwa karatasi. Nikasimama, hata sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikasema tupewe mpaka jioni. Tukishindwa, somo lako life. Akakubali haraka sana.

Tulianza vibaya. Tulibonyeza, tukabadilisha hapa na pale, majina yote yakapotea kwenye skrini. Ouma akatokwa na jasho. Tukarudisha ile nakala ya disketi uliyotulazimisha kuweka. Saa zinaenda, Boke analia. Halafu nikasema, Ouma, Mwalimu angeanza kwa nesi.

Tukakimbia kliniki. Nesi akatushangaa: "Boti siku hizi inaenda Jumanne, si Ijumaa. Kwani hamkuambiwa?"

Hatukuwa tumeuliza, Mwalimu. Lakini siku hiyo ya boti ulikuwa umeiweka mahali pamoja tu kwenye programu, peke yake, ili mgeni wa kuirekebisha asihangaike. Tukaibadilisha. Jina la kwanza la Mfangano lilipotokea, Ouma alipiga meza hadi Boke akanyamaza.

Prinsipali aliangalia, akakohoa. Akasema somo libaki muhula huu, halafu ataona. Mimi nimelishika neno lake hilo.

Kesho wanakuja wanafunzi wapya. Nitakiweka kiti chako mlangoni, pale ulipopenda kutazama ziwa, na hakuna atakayekikalia. Nitawafundisha kuuliza kwanza. Boke akikua, naye nitamfundisha.

Pumzika, Mwalimu wangu. Tukikwama, hatutakuita.

Mama Boke