Chumvi kwenye Leso

Mama Mueni,

Nianze na habari mbaya, maana wewe hukupenda mtu azungukezunguke. Katune amekufa. Kama huko uliko ng'ombe hufika, basi umeshamwona, na umeshaona alivyokonda. Ngoja kwanza nikueleze kabla hujashika kiuno.

Unakumbuka siku yako ya mwisho. Pumzi ilikuwa imekuwa fupi, nami nikavuta kiti karibu nikidhani leo nitaambiwa neno la mke kwa mume. Nikasema moyoni, miaka yote hii hajanisifu, labda alikuwa ananiwekea. Ukafungua jicho moja. "Usimwache Katune alale na maziwa." Basi. Mchungaji aliponiuliza uliaga vipi, nilimwambia uliaga kwa imani. Ningemwambia nini?

Sasa, kulala na maziwa alilala. Jioni ya mazishi, watu wakiwa bado wanaosha sufuria, nilichukua kibuyu chako nikaenda bomani. Mikono yangu unaijua: inajua jembe, na inajua kikombe cha chai kikiwa tayari kimejaa. Nilivuta nikavuta. Katune aligeuza shingo akaniangalia kama mgeni aliyekosea nyumba, akayazuia maziwa yake yote, halafu akapiga kibuyu teke. Nduku, rafiki yako wa ng'ambo ya mto, akaja kujaribu kesho yake. Naye akapigwa teke la paja. Alisimama akijipangusa akasema, "Huyu ana tabia za mwenyewe."

Ningemwacha akauke, Mama Mueni, nakuambia ukweli. Lakini kulikuwa na Kaluki. Mueni alikuwa ameshatuachia huyo mtoto akaenda Kibwezi kutafuta kazi za mashamba, na wewe ndiye uliyemzoesha kikombe cha maziwa asubuhi na jioni, kwa kuwa amebeba jina lako. Uji bila maziwa anautema. Tena hautemi chini, anamtemea babu yake. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili tu duniani: ng'ombe uliyeniachia, na mwenye jina lako anayetaka maziwa yake.

Ndipo nikakumbuka ile ngozi.

Ndama wa Katune alipokufa kwa ugonjwa wa ndigana, ulimchuna mwenyewe, ukaijaza ngozi yake nyasi kavu, ukaipaka maji ya chumvi, ukaisimamisha mbele ya mama yake. Katune akairamba, maziwa yakashuka. Mimi nilikuwa nimeegemea ua nakucheka. Nilikuambia, aibu iliyoje, mtu aliyeokoka kumdanganya mama aliyefiwa. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Ng'ombe hadanganyiki. Anakubali tu." Baadaye mbwa wakaiburuta ngozi hiyo wakaimaliza, lakini Katune alikuwa ameshakuzoea, akawa anakuletea maziwa wewe bila ndama na bila ngozi.

Basi nikaingia ndani nikachukua leso yako ya kazi, ile ya bluu yenye mpaka wa manjano, ambayo hatukuwa tumeifua tangu ulale. Nikajifunga kifuani. Nikaenda bomani nikiimba chini chini ule wimbo wako wa kanisani, nikipotea kila mstari. Katune alininusa kuanzia kitovu hadi kwapa. Akakaa sana, akapumua ile pumzi ndefu ya ng'ombe, halafu maziwa yakashuka. Nilikuwa mimi sasa niliyejazwa nyasi.

Nduku alinikuta hivyo. Alishikilia ua asianguke. "Baba Mueni, umependeza. Kesho funga na kilemba." Kufikia jioni wanawake wote kisimani walikuwa wanajua. Kwenye soko la Kikima mwanaume mmoja alinisalimia, "Mama, hujambo?" Nilimwitikia sijambo. Mtoto anakunywa, nitafanya nini na heshima?

Tatizo, harufu ya mtu haikai. Leso ikaanza kunuka mimi, jasho langu na moshi wangu, na Katune akaanza tena kuzuia. Nikafanya kama ulivyofanya kwa ngozi: nikakoroga maji ya chumvi, nikaipaka pindo la leso. Akawa analamba pindo huku mimi nakamua. Nilijiona fundi. Hata nilitaka uamke unione.

Lakini mvua zilikataa. Zikakataa tena. Mto ukawa mchanga, na mchanga wenyewe ukachimbwa mpaka mtu akiinama ndani ya shimo huoni kichwa. Tulikula mahindi ya manjano ya msaada, yale yanayonuka gunia. Nilimkatia Katune migomba, migomba ikaisha. Nikamkatia matawi, matawi yakaisha. Ndipo nikapanda juu ya jiko lako nikaanza kung'oa paa.

Najua. Najua unavyoniangalia. Tangu nikuoe uliniomba mabati ya jiko, nami kila msimu nikasema mavuno yajayo. Sasa sikiliza: kama ningekuwa mume mwema nikaweka mabati, Katune angekufa mapema zaidi. Alikula paa la jiko upande wa mashariki, halafu upande wa magharibi, nyasi nyeusi za moshi wa miaka yako yote ya kupika. Maziwa yakatoka kidogo, yakanuka masizi. Kaluki akanywa, akalamba na mdomo. Musyoka wa buchari alikuwa anapita kila mara, anasimama kwenye ua anampima Katune kwa macho. "Mzee, niuzie angali anasimama. Akilala, mimi nanunua ngozi tu." Nikamwambia nimeagizwa nisimwache. Akasema, "Na aliyekuagiza anakula nini?"

Asubuhi moja leso haikuwa kwenye mti wa ua nilipokuwa naitundika. Nilitafuta bomani, nikatafuta ndani, nikatafuta hata kisimani. Kisha, Mama Mueni, nikafanya ujinga ambao ungenitia aibu mbele ya kanisa zima. Nilivuka mto nikamwambia Nduku arudishe leso ya mke wangu. Nilimwambia kama alitaka kitu cha kukukumbukia angeomba. Alikuwa anatwanga. Aliweka mchi chini taratibu akaniuliza, "Mimi?" Nikasema nani mwingine anayekuja pale. Alichukua mchi akaendelea, na tangu siku hiyo akawa anachota maji kwa njia ya juu ili asipite kwangu.

Katune naye akaacha kucheua. Mwanzoni nilidhani ni huzuni ya leso. Mimi ni mtu wa kufikiria mambo makubwa. Tumbo likavimba upande wa kushoto. Nilimnywesha mafuta ya kupikia, nikamkanda, nikamtembeza mpaka magoti yake yakakataa. Daktari wa mifugo alikuja, akabonyeza tumbo, akaniuliza amekula nini. Nikasema jiko. Alitazama lile jiko limebaki mbavu, akanionea huruma, akasema nimwite mwenye kisu kabla ng'ombe hajajimaliza mwenyewe.

Musyoka akaja. Sitakuandikia hiyo sehemu. Ila watu walikusanyika na mabeseni, maana njaa haina aibu, na Nduku alikuwa mmoja wao, amesimama mbali nami. Musyoka akapasua tumbo, akaingiza mkono mpaka bega, akavuta, akavuta. Kikatoka kitu kimesokotwa kama kamba ya kisima, chenye kijani cha tumbo, kirefu. Akakiinua. "Mzee, hiki ni nini?"

Sikukijua. Nduku ndiye aliyekijua. Aliona ule mpaka wa manjano.

Mtu nyuma akacheka, na mimi simlaumu, ilikuwa inachekesha. Ng'ombe hakuwa amelamba chumvi popote isipokuwa kwenye leso yako, nami niliitundika usiku kucha mbele ya pua yake yenye njaa. Uliniachia ng'ombe mmoja, nikamlisha nguo zako.

Nyama iligawanywa. Ilikuwa ngumu, inakwama kati ya meno, haina mafuta. Nilikula, Mama Mueni. Nilikula kabisa, na Kaluki nikamtafunia.

Leso Nduku aliichukua, sikumwona. Katika ukame ule, maji ya kunywa tu yakiwa vita, aliifua. Akaja nayo imekunjwa, akasimama mlangoni bila kuingia. "Shika, Baba Mueni. Mwizi amerudisha." Nilitaka kuomba msamaha, lakini alikuwa ameshageuka. Kesho yake alipita njia ya chini, ya karibu na kwetu, na debe lake kichwani. Hakunisalimia, lakini alipita. Juzi alinisalimia. Aliuliza kama bado nafunga kilemba.

Maneno yaliyoandikwa kwenye leso yamekwisha, tumbo la Katune limeyala. Miaka yote uliivaa mbele yangu sikuwahi kuyasoma. Nduku anasema anayajua, na hataniambia.

Kaluki siku hizi anakunywa chai ya strungi, isiyo na maziwa. Amezoea. Mtoto huzoea upesi, na hilo linaniuma kuliko kama angelia. Asubuhi bado anaenda kusimama kwenye ua na kikombe chake, anatazama boma tupu, kisha anarudi. Namfunga mgongoni kwa hiyo hiyo leso nikienda shambani. Akishikwa na usingizi anatia pindo mdomoni analinyonya. Nimeifua na kuifua tena. Sijui chumvi gani bado anaipata humo.

Mawingu yamekaa upande wa Kibwezi siku kadhaa sasa. Yakija huku, nitapanda, na nikivuna nitaweka mabati kwenye jiko lako. Hii si ile ahadi ya mavuno yajayo uliyoizoea. Safari hii sina kisingizio. Nyasi za paa tena ni za nini, na nani atazila?

Lala, Kaluki mkubwa. Mdogo nitamwangalia. Na huyo Katune, kama amefika, mkamue, maana huku alilala na maziwa mara nyingi.

Ni mimi, Baba Mueni.