Sikio la Kulia

Jumamosi, 1 Oktoba 2011

Mazoezi saa nne asubuhi kama kawaida. Ukumbi wa kanisa baridi, waimbaji wamekaa na makoti. Tumeingia sehemu ya tatu, ile ambayo Esperanse anaimba peke yake.

Nimemsimamisha mara mbili. Nimemwambia yuko juu mno, ashushe sauti. Akaniangalia kama mtu asiyeelewa. Mara ya tatu akashuka kidogo, nikasema vyema, tuendelee. Hapo Lian, kiongozi wa fidla, akaweka upinde wake magotini na kunitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Jambo jingine. Kabla ya kuanza, zumari lilipotoa sauti ya kupimia vyombo, nilisikia sauti mbili. Moja ya kweli. Ya pili juu yake kidogo, ina mkwaruzo, kama redio isiyokaa sawa kwenye stesheni. Niligeuka kuona nani mwingine anapuliza. Hakuna.

Uchovu tu. Wiki sita zimebaki kabla ya onyesho.

Jumapili, 2 Oktoba

Si uchovu.

Niko kwenye piano tangu chai ya asubuhi. Nikiziba sikio la kulia, nota ni ileile niijuayo. Nikiziba la kushoto, nota inapanda, karibu nusu hatua nzima, na inakwaruza. Nimerudia mpaka shingo ikauma. Nikachukua kile chuma cha kupimia sauti, nikakigonga gotini, nikakipeleka kulia, kushoto, kulia. Chuma hakina sababu ya kunidanganya.

Kwa hiyo Esperanse alikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekosea, mbele ya watu tisini.

Nina miaka sabini na mmoja. Hamsini kati yake nimekula kwa masikio haya. Baba, Mwingereza, alikuwa fundi wa reli Tanga, alijua kuunda kitu kwa mikono. Mimi sijui kuunda hata rafu ya vitabu. Najua kusikia.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumatano, 5 Oktoba

Hali ileile. Sasa kuna mvumo pia, kama friji iliyo chumba cha pili.

Shajara nilianza kuiandika Kiswahili nikiwa na miaka kumi na miwili, shule ya bweni Uingereza, ili wenzangu wasiisome. Wakati ule nilificha kwamba nalia. Leo namficha Hati, binti yangu, ambaye ana ufunguo wa nyumba na hupekua kila kitu kwa upendo. Neno la Kiswahili alijualo ni "lala" tu.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimetia pamba sikio la kulia. Nusu ya kwanza imekwenda. Nusu ya pili tarumbeta, ambazo hukaa kulia kwangu, ziliingia kabla ya wakati na sikugundua mpaka nilipoona nyuso za watu. Nikajifanya nimekusudia kuwaacha wamalize.

Esperanse nilimwacha aimbe bila kumkatiza. Lakini ameshajifunza kosa langu. Anaimba chini, ananitazama, anatafuta kwenye uso wangu kama amepatia. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilijua ni uongo, nikatikisa.

Mwishoni akanifuata. Anatoka Bukavu, anaosha wazee kwenye nyumba ya kulelea, na sauti yake ni ya aina ninayokutana nayo mara moja kwa miaka ishirini. Tukiwa wawili tunasema Kiswahili, chake na changu.

"Papa Edmondi, sikio yako iko na shida?"

Alikuwa ameiona pamba.

"Mafua," nikasema.

"Pole sana, Papa."

Akanitolea pipi za kikohozi mkobani. Nimezipokea. Zipo hapa mezani, sithubutu kuzila.

Jumatatu, 10 Oktoba

Sikukuu ya Shukrani, kwa Hati, Brampton. Bata mzinga, wajukuu, televisheni, mashine ya kuoshea vyombo. Kelele zote zilikusanyika upande wa kulia na kuwa kitu kimoja kinachochemka. Hati akaniuliza jambo mara tatu. Kumbe alitaka kujua kama onyesho litarekodiwa. Nikasema ndiyo. Akasema nimekonda. Nikasema ni kazi.

Akaniambia mama yake angefurahi kuisikia. Kazi hii nimemwandikia Jean, mke wangu. Miaka minne nimeiandika, tangu mwaka wa pili baada ya kifo chake. Sijawahi kuandika kitu kirefu hivi, wala cha kweli hivi. Ujanani niliandika kitu kimoja, huko Uingereza kaskazini, magazeti yakanisifu, na kwa miaka arobaini watu wamenitambulisha kwa kitu hicho kimoja. Nilikuja Toronto kuongoza kwaya kwa miaka miwili tu. Imekuwa thelathini na saba. Nimetunga, nimeongoza, nimepigiwa makofi ya adabu.

Hii ndiyo kazi niliyotaka waijue. Nataka niiongoze mwenyewe. Sina sababu ya kiungwana. Nataka tu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Nimeshindwa. Nimepanda treni hadi Mississauga kwa Sadru. Duka la baba yake lilitazamana na nyumba yetu Tanga. Tumegombana tangu tukiwa na miaka sita. Ni mfamasia, amestaafu, bado anaongea kama yuko nyuma ya kaunta. Nikamweleza nikidhani atanipa matone.

"Lini ilianza?"

"Tarehe moja."

Akaweka kikombe chini. "Siku kumi na mbili? Edi, umekaa nayo siku kumi na mbili?"

"Nilidhani ni uchovu."

"Usinidanganye mimi. Ulijua siku ya pili. Mtu akishtukia sikio limebadilika ghafla huenda kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama kavaa pajama! Dawa yake haingoji. Wewe umengoja nini?"

Nikasema nina onyesho.

"Una ujinga," akasema. Akainua simu, akaanza kumtafuta daktari wa masikio anayemjua, huku mkono wa pili ukinisukumia sahani ya mandazi. Alikosea kubonyeza namba mara mbili. Hapo ndipo hofu iliponishika hasa.

Ijumaa, 14 Oktoba

Kwa daktari, chumba kidogo kisicho na mwangwi. Spika za masikioni, kitufe cha kubonyeza ukisikia. Upande wa kulia nilibonyeza mara chache sana. Nilikuwa najua lini sauti ilipaswa kutoka, kwa mpigo, na nilishawishika kubonyeza bila kusikia. Sikubonyeza. Nataka hilo nihesabiwe.

Ni mshipa wa fahamu. Vidonge vya wiki mbili. Huenda sikio likarudi, huenda lisirudi, na kwa kuwa nimechelewa, daktari hakunipa matumaini makubwa. Kaniambia nikae mbali na makelele. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa kwaya na okestra. Akaandika kitu kwenye faili.

Sijamwambia mtu. Wakijua watatafuta mwingine kabla ya chakula cha mchana.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nimekwenda. Nimeongoza kwa macho zaidi. Nimetoka na jasho mpaka kwenye soksi. Vidonge vinanifanya niwe na hasira. Nimemfokea mzee wa ngoma, mtu mpole kuliko wote.

Jumatano, 19 Oktoba

Hakuna badiliko. Nagonga chuma kila baada ya saa moja. Najua ni wazimu.

Jumamosi, 22 Oktoba

Siku mbaya.

Esperanse aliimba sehemu yake chini, kama nilivyomfundisha. Safari hii fidla zilimsindikiza zikishika nota ndefu, na tofauti ikawa kama kidonda. Hata mimi, kwa sikio zima, niliisikia. Lian akaacha kupiga. Akasimama, jambo asilolifanya kamwe, akasema kwa adabu kabisa kwamba mwimbaji yuko chini, amekuwa chini wiki tatu, na okestra haiwezi tena kujifanya haisikii.

Watu wote wakamtazama Esperanse. Yeye akanitazama mimi.

Sentensi moja tu ilihitajika. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Tupumzike dakika kumi."

Tuliporudi kiti chake kilikuwa kitupu. Karatasi zake za muziki zimepangwa vizuri juu yake. Jioni kaniandikia ujumbe wa simu: Papa pardon, mimi sitaimba tena, nimeona sauti yangu imekufa, tafuta mwingine.

Mimi ni mwoga. Sikujua kiasi hiki.

Jumapili, 23 Oktoba

Sikula. Sadru kapiga simu, sikupokea. Kapiga tena, nikapokea, nikamweleza yote.

"Sikio ni ugonjwa," akasema. "Hili la mama wa watu ni lako mwenyewe."

Jumatatu, 24 Oktoba

Nimekwenda Malvern, mabasi mawili. Ghorofa ya sita. Esperanse alifungua akiwa bado na sare ya kazi, ndio kwanza katoka zamu. Akanikaribisha jikoni, akataka kunipikia chai. Nikamwambia asipike, asikilize kwanza. Nikamweleza nikiwa nimesimama.

Alizima jiko. Akakaa.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa tangu siku ya kwanza."

"Wiki tatu, Papa." Alisema polepole. "Wiki tatu nilizani kichwa yangu imeharibika. Naosha wazee, naimba kidogo kidogo, najiuliza: iko chini? Iko juu? Nilimwambia dada yangu, hii sauti Mungu alinipa, Mungu ameikamata. Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile ya pamba ulijua."

"Ndiyo."

Nilianza kuuliza nisamehewe vipi, nifanye nini. Akainua mkono.

"Hapa kwa jikoni pardon yako haiko na kazi. Ulinipatisha haya mbele ya watu. Uniombe pardon mbele ya watu. Kwa repetisyo, kwa mazoezi, wote wakiwa wamekaa. Halafu nitaona kama naimba."

Nikasema nikifanya hivyo sitaongoza tena. Watanitoa.

"Hiyo ni mambo yako, Papa," akasema. Si kwa ukali. Alikuwa amechoka tu. Akanisindikiza mpaka kwenye lifti, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Ijumaa, 28 Oktoba

Vidonge vimekwisha. Sikio lilelile. Nimeandika maneno ya kesho mara nne, nikayachana mara nne. Nimefikiria kusema ninaumwa nisiende. Naandika hili ili nilione lilivyo.

Jumamosi, 29 Oktoba

Nimesema.

Esperanse alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na koti lake. Nilipanda jukwaani, sikuchukua kijiti. Nikasema sikio langu la kulia limekufa, kwamba nimejua tangu siku ya pili, kwamba nilimwamuru Esperanse aimbe makosa na nikamwacha alaumiwe kwa makosa yangu. Nikamtaja jina. Nikamwomba radhi kwa Kiingereza ili wote wasikie, kisha kwa Kiswahili ili yeye asikie. Nikasema siwezi kuongoza tena, na kwamba ningependa Lian aongoze kama atakubali, kwa sababu ndiye aliyesikia akathubutu kusema.

Hakuna aliyepiga makofi. Nashukuru. Mzee wa ngoma alipiga chafya.

Lian alikuja mbele. Nilidhani atanipa mkono. Akaniuliza kama mwendo wa sehemu ya pili ni huo ulioandikwa au huo ninaoupiga. Nikasema ulioandikwa. Akaandika kwa penseli.

Esperanse akavua koti. Akatembea katikati ya viti vyote hadi mahali pake. Mazoezi yakaanza na mimi nimekaa na makoti ya watu.

Sijawahi kuona wivu wa namna hii. Kama njaa.

Alhamisi, 3 Novemba

Hati amejua kupitia kwa mke wa mmoja wa waimbaji. Amekuja, akapiga kelele, akalia, akapiga kelele tena upande wa kulia, akakumbuka, akazunguka kushoto. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikasema sikutaka anionee huruma. Akasema huruma ndiyo kazi ya watoto. Kisha akapanga makabati yangu yote upya. Sioni kikombe hata kimoja.

Jumamosi, 12 Novemba

Kesho. Simwamini Lian na sehemu ya nne. Simwamini mtu. Nimempigia Lian simu mara mbili kuuliza mambo yasiyo na maana. Mara ya pili aliniambia kwa upole niende nikatembee. Nimetembea. Haikusaidia.

Jumapili, 13 Novemba

Alasiri. Ukumbi umejaa robo tatu. Nilikaa safu ya kumi, Hati kushoto kwangu, Sadru nyuma yetu amevaa suti ya harusi ya mwanawe.

Mikono yangu ilitaka kuongoza. Niliikalia.

Sehemu ya kwanza ilikuwa nzito. Ya pili Lian aliipeleka kama ilivyoandikwa, polepole kuliko nilivyozoea kuiongoza, nikakasirika, kisha nikasikia chini ya fidla kitu nilichokiandika mwenyewe nikakipita mbio mara zote nilipoongoza. Kilikuwa kizuri. Kilihitaji muda.

Esperanse aliposimama nilifumba macho. Upande mmoja ulimsikia, upande wa pili ulivuma. Aliimba pale hasa, wala juu wala chini, bila kumtazama mtu yeyote. Nilimlilia Jean kwa mara ya kwanza bila kujificha. Hati alinishika kiwiko. Sadru alipenga kamasi kwa kishindo katikati ya nota ya kimya kuliko zote, na hata hilo nililisikia.

Waliniita jukwaani. Esperanse alinipa mkono mbele ya watu. Ulikuwa mkavu, wenye nguvu. Hakutabasamu sana. Inatosha.

Jumapili, 27 Novemba

Daktari amesema Ijumaa kwamba la kulia halitarudi. La kushoto zima. Nimerudisha ufunguo wa ofisi ya kwaya.

Leo Esperanse kanialika kanisani kwao, Scarborough. Spika kubwa, ngoma, watoto wanakimbia. Nikakaa nyuma. Wageni waliombwa wasimame. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili naitwa Edmund, nilizaliwa Tanga. Watu wakacheka, wakashangilia, mtu akauliza kwa sauti Tanga mtaa gani.

Ukaja wimbo wa sadaka. Sina kitabu. Mama mmoja nisiyemjua akasogea, akafungua chake katikati yetu na kuniwekea kidole kwenye mstari. Nilishika sauti ya nne. Mbele yetu kijana alikuwa anaongoza, mpigo wake si mzuri sana, na sikuwaza kumsahihisha.

Tuliimba beti zote.