Mikebe Kumi na Mmoja ya Walter Owuor

Mwaka umezunguka ukatimia, Baba, tangu ile Jumanne ulipotutoka, chai ikiwa bado mekoni. Familia nyingine siku kama ya leo huandika kwamba pengo halizibiki. Lako nalo halijazibika, hilo lijue. Lakini tuna habari nyingine ya kukupa kwanza, nayo inahusu friza.

Turudi nyuma kidogo, kwa faida ya wale wasiokujua. Walter Owuor Odongo alikuwa mpishi wa kantini kiwandani, Industrial Area, miaka ishirini na sita. Ulilisha mafundi na vibarua maharagwe mpaka wakakuita kwa jina la maharagwe. Kisha siku moja akaja fundi Mwitaliano kufunga mashine, akakuonyesha jinsi watu wa kwao wanavyotwanga majani mabichi pamoja na mafuta na njugu, ikatoka rojo ya kijani wanayoiita pesto. Mashine ilipomaliza kufungwa yeye alirudi kwao. Pesto ilibaki mtaani kwetu Jericho.

Yale majani yake hukuyapata sokoni. Ila rafiki yako Naftaly Gitonga, aliyekuwa akiteremsha mboga kutoka Kinangop, alikuambia kwamba wakulima wa kule hukata vikonyo vya kitunguu saumu, vile vya kijani vinavyochomoza katikati na kujipinda, ili kitunguu kinenepe chini. Ukamuuliza, wakishakata? Akasema, wanatupa. Baba, kutupa chakula kwako ilikuwa sawa na kumtukana mama mkwe. Wiki iliyofuata Gitonga alifika mlangoni na gunia zima.

Ulitwanga kwa kinu. Jacklyne, binti yako, alikununulia blenda kwa mshahara wake wa kwanza, ukashukuru sana, ukaiweka juu ya kabati ndani ya boksi lake, na humo imo hadi leo. Vikonyo, njugu zilizokaangwa, dhania, limau, mafuta, chumvi, na jibini kama mwezi ulikuwa mzuri. Halafu tulikula. Tulikula na ugali, na chapati, na viazi, na omena. Uliipaka kwenye mahindi ya kuchoma. Uliipaka kwenye mandazi pia, na hilo bado hatujakusamehe.

Harufu yake haikuwa ya kubishana nayo. Kanisani mzee wa zamu alikuwa akituona tu mlangoni, anatuelekeza kwenye benchi la dirishani bila kuulizwa. Griffins alipomleta mchumba nyumbani, ulimkaribisha kwa vijiko viwili vilivyojaa, na yule binti hakurudi tena. Ukamwambia mwanao, "Afadhali tumejua mapema." Griffins alinuna mwezi mzima. Siku hizi anakubali kwamba ulisema kweli.

Nyumba yetu ilikuwa na sheria moja: jikoni ni kwako. Mama, yaani Norah wako, alikuwa karani wa kaunti, mtu wa mafaili, na humo jikoni aliruhusiwa kuosha vyombo tu. Ndiyo maana tulipotoka kukuzika nyumbani Ugenya, na yeye akafungua friza kwa mara ya kwanza akiwa peke yake, alishtuka. Mle ndani mlikuwa na mikebe kumi na mmoja, ya siagi na ya aiskrimu, imepangwa vizuri, na juu ya kila kifuniko mwandiko wako mkubwa: PESTO. Mama akavuta kigoda akakaa. Alituambia baadaye kwamba alihisi ni kama umempigia simu.

Tangu siku hiyo ile friza ikawa na ufunguo, na ufunguo ukakaa shingoni kwa Mama. Kila Jumapili akitoka kanisani, kabla hajavua viatu, anafungua, anahesabu kumi na mmoja, anasema, "Habari ya wiki, Baba Jacky," kisha anafunga. Hakuna aliyeonja. Mchungaji aliomba kijiko, akapewa chai. Akech, dada yako wa tumbo moja, alisafiri kutoka Ugenya akidai haki ya damu, akarudi mikono mitupu na hasira tele. Griffins alipogusa kifuniko alichapwa mwiko, mtu wa miaka thelathini na moja.

Tulimlaumu, lakini tulimwelewa. Nguo zako zilishagawanywa. Viatu vilikwenda. Mikono yako ilikuwa imebaki kwenye ile mikebe tu, na kila mkebe ukiliwa, wewe ungezidi kupungua. Mama aliogopa ile siku ya kijiko cha mwisho kuliko alivyoogopa siku ya mazishi.

Sasa sikia. Alhamisi iliyopita, siku mbili kabla ya maombi ya kukukumbuka, transfoma ya hapa nyuma ilipasuka kwa kishindo. Stima ikapotea. Tukaambiwa itarudi kesho, na Ijumaa tukaambiwa kesho. Jumamosi asubuhi, wakati sisi tunapanga viti vya wageni, Mama aliona maji yakitoka chini ya mlango wa friza.

Hatujawahi kumwona akikimbia hivyo. Aliipakia mikebe yote kwenye karai, akaifunika na lile koti lako la jeshi ulilonunua sokoni Gikomba, akatoka nje. Kwanza alikwenda kwa Ndinda, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye laini yake ya stima ni nyingine.

Ndinda alimsikiliza huku ameshika mlango. "Mama Jacky, mimi nakupenda, wewe unajua. Lakini hiyo kitu haiingii kwa friji yangu. Ile siku niliwekea mzee wako, maziwa ya mtoto ilinuka kitunguu wiki mbili. Mtoto akakataa chupa."

"Ni ya leo tu, Ndinda."

"Hata ya saa moja, mum. Pole sana."

Akaenda kwa Musyoka mwenye bucha, kwa kuwa ana jenereta. Musyoka alivua kofia kwa heshima yako, akanusa karai, akavaa kofia tena.

"Mama, nielewe. Mteja akifungua nyama asikie hiyo harufu, atasema ng'ombe yangu ilikufa na homa. Nitafunga biashara."

"Walter alinunua nyama hapa kwako miaka ishirini!"

"Na nikamuuzia vizuri, Mungu ni shahidi. Lakini friza, hapana."

Griffins akamfuata njiani na kumwomba ampe karai lile. Alikataa. Basi akamwambia ukweli, kwa ile lugha yao ya mtaa uliyokuwa ukijifanya huielewi. "Mathe, skiza. Tukienda kwa friji yangu huko estate ya Fedha na hii jam ya magari, hiyo kitu itafika ikiwa supu. Wageni washaanza kukam. Turudi home tu."

Mama alirudi. Aliliweka karai katikati ya meza, mbele ya picha yako, akakaa na kulikumbatia. Wageni wakaingia mmoja mmoja, wengine na sufuria, wengine na watoto, wakakuta mjane amelala juu ya mikebe. Hakuna aliyejua aanze wimbo gani.

Akech ndiye aliyethubutu. Alisogeza kiti karibu naye na kusema, "Norah, hicho chakula kinakufa mara ya pili. Fungua tule."

"Ikiisha, imeisha," Mama akajibu. "Wewe una makaburi ya nyumbani, unapita hapo kila asubuhi. Mimi hapa Jericho nina hii tu. Nikifungua, kesho Jumapili nitamsalimia nani?"

Tulisikia maji yakidondoka kutoka kwenye karai hadi sakafuni. Mama naye aliyasikia. Akafuta uso kwa ncha ya leso, akajinyoosha, na kwa sauti ya ofisini akasema, "Jacklyne, leta chapati."

Akafungua mkebe wa kwanza. Ulikuwa maharagwe.

Tulidhani ni bahati mbaya. Akafungua wa pili: maharagwe, haya na viazi. Wa tatu, githeri ya mahindi na maharagwe. Wa nne, githeri tena. Wa tano ulikuwa matumbo, Baba. Wa sita, omena iliyogandana. Jacklyne alikuwa akisoma kila kifuniko kwa sauti, "Pesto," halafu Mama anainua kifuniko, halafu chumba kizima kinavuta shingo kuchungulia. Kufikia mkebe wa nane Griffins alikuwa amejificha ndani ya pazia na pazia linatikisika.

Mama alisimama na kifuniko mkononi. "Mnataka kuniambia," akasema polepole, "mwaka mzima nimekuwa nikisalimia githeri?"

"Na mimi ulinifukuza juu ya maharagwe!" Akech akapiga kelele. "Nauli yangu ya kwenda na kurudi, maharagwe!"

Hapo kicheko kiliporomoka, na wa mwisho kucheka alikuwa mchungaji, kwa kuwa alikuwa amebana meno kwa nguvu zaidi. Mama hakucheka. Aliendelea kufungua, wa tisa, wa kumi, maharagwe na maharagwe. Wa kumi na mmoja ulikuwa mkebe mdogo wa siagi. Aliuinua mfuniko, na harufu ikamfikia kila mtu kabla ya macho. Ilikuwa ya kijani. Ilikuwa yenyewe.

"Moja tu," Mama akasema. "Kwa nini ni moja tu? Alikuwa akitwanga kila mara."

Gitonga alikohoa. Mzee wa watu alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake. "Mama Jacky, huyu hakuwa anaweka. Mimi nikileta gunia Jumatano, Alhamisi yote imeisha. Anajaza mikebe, anazunguka nayo. Kwangu, mke wangu Kui alikuwa anapata wa kwanza. Watu wakimaliza wanaosha, wanarudisha. Basi ndiyo anatia mabaki ya jana, maana kutupa ule mkebe hawezi."

"Ni kweli," Ndinda akasema, akitazama sakafu. "Hata huo wa matumbo nilirudisha mimi. Pesto yake naipenda sana, Mama Jacky. Naipenda kwa sahani. Kwa friji ndiyo siipendi."

Wakaanza kujitaja. Huyu alipewa mumewe alipoachishwa kazi. Huyu alipewa akiwa na mimba, na mtoto anapenda kitunguu mpaka leo. Musyoka, aliyekuwa amekuja na kilo mbili za nyama kuomba radhi, akakiri mikebe mitano. Mama alisikiliza wote, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa anajua hata nusu. Alidhani umemwekea mikono yako kwenye friza, kumbe ulishaimaliza kwa watu, nao wote walikuwa wamesimama sebuleni kwake.

Akashika kijiko. Aligawa mwenyewe, hakutaka msaidizi. Tulikuwa watu thelathini na kitu, na kila mmoja alipata ncha ya kijiko juu ya kipande cha chapati, watoto kwa wakubwa, Akech akapata mara mbili kwa ajili ya nauli. Mama hakujibakishia. Mkebe ulipoisha aliufuta pande zote kwa kipande kimoja cha chapati kilichobaki sahanini, akakitazama kwa muda, akakitia mdomoni.

Alitafuna macho yamefungwa. Tulimtazama akimeza, na tukajua kwamba ile siku aliyoiogopa ndiyo hii.

Akafungua macho. "Chumvi imezidi," akasema.

Akaigeukia picha yako. "Baba Jacky, imezidi. Tangu unioe inazidi. Miaka thelathini na minne nimenyamaza kwa sababu ukikosolewa unakataa kula siku tatu. Leo nakuambia mbele ya mchungaji." Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, mpaka machozi yakatoka, na katikati ya kicheko kikaja kilio chenyewe, kile alichokizuia tangu Ugenya. Akech alimshika. Sote tulilia, tena kwa raha, na midomo yetu ikinuka.

Hakuna kilichotupwa, usiwe na wasiwasi. Maharagwe na githeri vilichemshwa upya vikaliwa na wageni. Matumbo yalikwenda kwa mbwa wa Musyoka.

Jana Gitonga alileta gunia. Norah aliburuta kigoda hadi jikoni kwako, akaweka kinu kati ya miguu, na akatwanga vibaya sana. Rojo ilitoka na vipande vikubwa vikubwa, kidole kimoja kikatoka na jeraha. Amejaza mikebe minne, na sasa hivi tunapoandika haya yuko nje anaizungusha. Ameanzia kwa Ndinda.

Wanaokuwaza kwa upendo: mkeo Norah, wanao Jacklyne na Griffins, dada yako Akech na ukoo wote wa Odongo, Ugenya, rafiki yako Naftaly Gitonga na mkewe Kui, na majirani wa Jericho, wenye stima na wasio na stima.

Miaka yote tutakukumbuka, Baba. Ila chumvi tumepunguza.