Mzizi wa Kuoshea Nywele

Mdogo wangu Leland,

Huku upepo hauchoki, na farasi wako anazidi kunenepa. Jumatatu Mama alinituma kilimani nichimbe mzizi wa yuka, ule wenye povu la kuoshea nywele. Akanionya nisiung'oe wote, ubaki wa kuchipua.

"Sabuni za mjini zimemharibia mwanangu nywele," alisema. "Ijumaa akija nitamwosha mwenyewe, hata akipiga kelele kama zamani."

Ijumaa hukuja, na simu hukupokea. Jumapili nikauponda mzizi, nikamwosha Mama nywele, nikamsuka, tukamzika.

Zangu nimezikata, kama ada yetu ya msiba. Nimekukasirikia sana, Leland. Lakini kipande chako cha mzizi nimekianika dirishani. Njoo nikuoshe kama alivyotaka, ndipo nizikate na zako.

Dada yako,
Verna