Shokapu za Gari la Baba

Nyumba yenye geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumatatu, 14 Oktoba.

Mpendwa Kitinda wetu,

Hujambo mdogo wangu? Shemeji hajambo, na wapwa zangu wanaendeleaje? Natumaini kile kikohozi kilichokuwa kinakukatisha maneno kwenye simu kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Nyonga ya mama bado inamsumbua tangu alipoteleza bafuni, lakini mdomo haukuteleza, unafanya kazi kama zamani. Wifi yako ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila nimenenepa tena, na utaona huko mbele kwamba safari hii unene wangu umepata ajira.

Kwanza kabisa, nakuomba uache kugombana na yule mzee aliyekuuzia shokapu. Najua ulishamwambia maneno, nakufahamu. Hana kosa. Kaa chini nikueleze, maana jambo hili limenikondesha roho, kwa kuwa mwili umekataa.

Hali ya mama mkubwa unaijua. Alianza kwa kusahau alipoweka miwani, akaja kusahau majina ya majirani. Mwezi uliopita mama alimpigia simu kama kawaida yao, na dada mtu akamuuliza kwa adabu zote, kama unavyomuuliza mgeni, "Samahani, naongea na nani?" Mama alikata simu, akaenda jikoni akakaa anachambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa. Tangu siku hiyo wimbo wake ukawa mmoja: nipelekeni kwa dada yangu kabla hajamaliza kunisahau.

Sasa kumpeleka ndiyo kazi. Kupanda basi hawezi, ngazi zake ni ndefu kwa ile nyonga. Tulikodi teksi, wakafika kwenye kituo cha mafuta cha mwisho wa mji, mama akamwamuru dereva ageuze kwa sababu alikuwa anaongea na simu huku anakula karanga. Alisema hawezi kufa kwa ajili ya karanga. Likabaki gari la baba.

Na gari la baba, mdogo wangu, lilikuwa linavuja nyuma. Unakumbuka zile shokapu mbili za nyuma, nguzo fupi za chuma zenye mafuta ndani, zinazozuia gari lisiendelee kurukaruka likishapita kwenye shimo? Zote mbili zilikuwa zimelowa mafuta. Ukipita tuta, matako ya gari yanapanda na kushuka mpaka unafika tuta lingine, kama kitanda walichoachiwa watoto. Nilimchukua mama hadi dukani tu na kurudi. Aliteremka ameshika nyonga, akafunga mlango taratibu, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kuubamiza, akasema, "Baba yenu hakuwa ananiendesha hivi."

Nikampelekea fundi. Sisi tunamwita Fundi Subiri, kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja. Akazifungua, akaweka sili mpya, zile raba zinazozuia mafuta yasitoke, na mafuta mapya, akazirudisha. Wiki haikuisha, madoa yale yale mawili meusi yakawa kwenye sakafu ya banda, yananitazama kama macho. Nikarudi. "Subiri," akasema, akanitafutia nyingine zilizotumika, za gari la kufanana. Nazo zikalia mafuta. Hapo ndipo nilipokusumbua wewe, ukahangaika huko kwenye maduka ya magari ya kale mpaka ukapata mpya kabisa, za gari lenyewe, kwenye boksi lenye vumbi. Mama alizipokea kama mjukuu. Zikafungwa. Na zenyewe, Kitinda, zikavuja.

Siwezi kukuficha, nilipiga teke gurudumu. Gurudumu halikuhisi chochote. Mimi nilivaa ndara mguu mmoja siku kadhaa. Nilimkasirikia Fundi Subiri, nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia hata baba kwa kununua gari ambalo waliolitengeneza wameshazikwa. Na kila asubuhi mama anatoka na kibegi chake, anachungulia chini ya gari, anaona doa, anarudi ndani. Kile kibegi kilikuwa kinaniuma kuliko kidole.

Ukombozi umetoka kwa wifi yako, na anataka ujue hivyo. Alikwenda na gari kununua vigae vya bafuni, vile vya kukwaruza ili mama asiteleze tena. Alirudi buti limejaa maboksi, akaingia ndani akaniambia, "Leo gari lako lina heshima. Limetulia kama limefiwa."

Nikamwambia anaota. Akanirushia ufunguo. Nikazunguka mtaa mzima, nikapita matuta yote, hata yale ya mbele ya shule. Kimya. Gari linashuka, linapanda mara moja, basi. Nikaenda nalo moja kwa moja kwa Fundi Subiri na vigae vyake ndani.

Tukalala chini wote wawili, yeye upande mmoja na mimi mwingine. Yeye aliingia kama barua chini ya mlango. Mimi tumbo lilikwama kwenye bampa.

"Toa pumzi, mkuu," akaniambia.

"Nimeshatoa."

"Basi toa chakula cha mchana."

Kutoka pale nilipokwama nilimsikia anagonga springi. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: mzee alikuwa anabeba nini kwenye gari hili?

Na wewe jibu unalo, kama mimi. Baba alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Buti lile halikuwahi kuwa tupu hata siku moja. Vichwa vya vyerehani vya chuma, miguu yake, sanduku la spana. Tulikuwa tunakwenda shule tumekalia siti huku vyuma vinagongana nyuma yetu. Kumbe baba alichoka na gari kuinama nyuma, akatoa springi zake akafunga za gari la mizigo, bila kumwambia mtu. Alipofariki, ni nani aliyetoa vyuma vyote, akawapa wale mafundi wenzake, akapiga buti sabuni mpaka likanukia? Ni mimi. Na wewe ulinisifu, kwa hiyo tugawane.

Kwa maelezo ya Fundi Subiri, springi zile zikikosa mzigo zinanyanyua gari juu, shokapu zinavutika mpaka mwisho wake, kila tuta zinagonga chuma kwa chuma, sili zinachanika, mafuta yanatoka. Tungefunga hata za dhahabu zingevuja. Ndiyo maana nasema yule mzee wako mwenye duka hana kosa. Mpelekee salamu, na kama una aibu, mpelekee na keki.

Springi za asili Fundi ameagiza, na ameniambia neno lake. Lakini mama mkubwa yeye hasubiri. Sili zikabadilishwa tena, ikabaki swali la mzigo. Vigae vilikuwa vimeshabandikwa bafuni. Nikapendekeza mifuko ya mchanga. Mama akanitazama. "Gari la mume wangu si tipa," akasema. Kisha akaendelea kunitazama, kuanzia mabegani akashuka, polepole, na nikaona wazo linamjia. "Na kwani wewe una uzito gani?"

Basi jana Jumapili wifi yako alishika usukani wa gari la baba, mama akakaa mbele na kibegi chake mapajani, na mimi, mtoto wa kwanza wa kiume, nikawekwa nyuma katikati, na mfuko wa unga kulia na wa mchele kushoto. Kila nilipotaka kuegemea dirisha niangalie nje, mama alisema, "Kaa katikati, gari linalala." Tulifika bila doa na bila mama kushika nyonga. Nimepakagua mara mbili chini ya gari, mkono umetoka mkavu.

Mama mkubwa alikuwa kibarazani. Mama alishuka, akasimama mbele yake, na mimi huku nyuma nilikuwa nimeacha kupumua, safari hii bila kuambiwa. Mama mkubwa alimwangalia kwa muda. Kisha akasogea kwenye benchi, akapapasa pale palipobaki wazi, akamwita kwa lile jina la utotoni ambalo sisi tulikatazwa kulitumia. "Mbona umechelewa hivi?" akamuuliza.

Mama akakaa. Wakashikana mikono, wala hawakutuangalia tena mpaka jioni. Mara moja tu mama mkubwa aliinua kidole akanionyesha mimi, mimi aliyenibeba mgongoni mpaka nikaota ndevu, kama anavyopenda kusema. "Na huyu mnene ni nani?"

"Huyo ni mzigo," mama akamjibu. "Bila huyo tusingefika."

Nimeumia kidogo, sikatai. Lakini nimekubali.

Njoo mapema, mdogo wangu. Siku nyingine mama mkubwa anakuwepo, siku nyingine hayupo, na siti ya nyuma nafasi ipo. Nisalimie shemeji, na wapwa zangu, hasa yule aliyeng'oka meno ya mbele. Mwambie mjomba anamwekea mahindi ya kuchoma akija na mapya. Mama anakuombea ulale salama na uamke na nguvu, na anauliza kama unavaa sweta. Mungu akutunze huko mbali.

Wako akupendaye, aliyekaa katikati,

Kaka yako Mzigo